Mawe ya kijani yanayopitisha mwanga: nilivyoyatambua kwa mzani, laptopu na glasi ya maji

Watu wengi wakiokota jiwe la kijani linalopitisha mwanga kitu cha kwanza wanauliza ni bei gani. Mimi nilitaka kwanza nijue ni jiwe gani, maana ukienda kwa broka hujui jina la jiwe lako yeye ndiye atakupa jina na bei yote pamoja. Yangu niliyatoa kwenye korongo moja upande wa Kasigau, Taita Taveta, mvua za Novemba zilipokuwa zimeosha mchanga, na kule kwetu kijani si rangi ya jiwe moja. Kuna tsavoraiti, ile wachimbaji wetu wanaiita tu grini ganeti, kuna tomalini, kito kingine cha kijani, na kuna kioo cha chupa kilichoburutwa na maji miaka na miaka mpaka kimekuwa laini na kizuri kabisa kukitazama.

Nilianza kwa kuyaosha na mswaki na sabuni halafu nikayaangalia na lenzi ndogo ya mara 10 juani. Kwenye lile kubwa, safi kuliko yote, kulikuwa na vipovu vya duara ndani. Vipovu vya duara vilivyojaa hivyo ni dalili ya kioo, lakini sikutaka kutegemea dalili moja, na mengine hayakuwa na vipovu wala umbo lolote la kueleweka.

Sasa kuna ule mtindo wa kukwaruza kioo cha dirisha na jiwe ndo useme likikwaruza ni kito. Hapana bana, chupa nayo inaweza kukwaruza kioo, haikuambii kitu. Mimi niligeuza, nikachukua kwatzi, yale mawe meupe yamejaa kila korongo, nikakwaruza nayo sehemu mbaya ya kila jiwe, usikwaruze upande mzuri. Kwatzi ina ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs, kile kinachopanga mawe toka 1 laini hadi 10 gumu. Lile kubwa likachanika mstari ambao hata ukifuta kwa kidole hautoki. Mengine yakabaki na unga mweupe wa kwatzi yenyewe, ukifuta unaisha, na hiyo ni kawaida kwa tomalini na ganeti kwa sababu zote ziko kama 7 hadi 7.5.

Kipimo ninachokipenda zaidi ni cha maji. Unahitaji mzani mdogo wa kupimia dhahabu, ule unaosoma mpaka 0.01 ya gramu. Pima jiwe likiwa kavu, andika. Halafu weka kikombe cha maji juu ya mzani, urudishe kwenye sifuri, funga jiwe kwa uzi mwembamba wa nailoni ulishushe ndani ya maji lizame lote lakini lisiguse chini wala pembeni, soma namba. Gawa uzito mkavu kwa hiyo namba, basi umepata uzito wake kulinganisha na maji. Tia tone la sabuni kwenye maji ili hewa isigande kwenye jiwe, hewa ikiganda hesabu inaharibika, na jiwe likiwa dogo sana inaharibika zaidi. Lile kubwa lilikuwa gramu 11.20, kwenye maji 4.46, yaani 2.51, kioo hicho, kimeisha. Lingine refu refu lilitoka 3.08 na tomalini huwa karibu na 3.06. Kadogo kamoja ka gramu 1.95 kalisoma 0.54, kugawa unapata 3.61, na hapo moyo ulinienda mbio kwa sababu tsavoraiti iko karibu na 3.6 hivi.

Usiku nikatumia laptopu. Unafungua ukurasa mweupe, unavaa miwani ya jua ya polaraizi, ile inayochuja mwanga, unainamisha kichwa mpaka skrini iwe nyeusi, halafu jiwe unaliweka kati yako na skrini ndani ya glasi yenye mafuta ya kupikia, mafuta yanapunguza ule mng'ao wa uso uliokwaruzika. Tumia glasi ya kioo, si ya plastiki, plastiki yenyewe inatoa rangi za upinde wa mvua itakuchanganya. Zungusha jiwe polepole. Tomalini ikawa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Ukiona haiwaki ilaze upande mwingine ujaribu tena, kuna uelekeo mmoja ambao hata yenyewe inabaki giza. Kale kadogo kakabaki giza kila upande nilioweka, kama ganeti inavyofanya. Kioo nacho hubaki giza, ndiyo maana kipimo hiki peke yake hakitoshi, lakini kioo cha chupa hakina uzito wa 3.6.

Kuna fundi wa kukata vito alinisaidia kumalizia, akasugua upande mmoja ukang'aa, akaweka kwenye rifraktomita, kifaa cha kupima jiwe linavyopinda mwanga, ikasoma namba moja tu, 1.74, ambayo ndiyo ya tsavoraiti. Akaniambia, "Kijana wangu, hii ni grini ganeti, ila ina nyufa, haikatiki." Sijali nyufa! Kwangu furaha ni kujua mwamba wake uko mahali fulani juu ya korongo lile.

Campbell Bridges, yule mwanajiolojia Mskoti, aliikuta tsavoraiti Lemshuko kule Simanjiro, Tanzania, mwaka 1967, na alipokuja kuitafuta Kenya alifuata mwamba, akaipata Taita mwanzoni mwa miaka ya 70, ndo baadaye Tiffany, kampuni ya vito ya Marekani, wakaitangaza 1974 kwa jina lililotokana na mbuga ya Tsavo. Mwamba wenyewe ni ule wenye grafaiti, mweusi, unachafua vidole kama risasi ya penseli, na tsavoraiti hukaa ndani yake kwenye mabonge ya duara. Kwa hiyo sasa mimi na mjomba tunapanda korongo tukitafuta mawe meusi, kijani tumeacha kwanza. Tumeshaongea na wenye ranchi, na tukiupata mwamba hatuchimbi mpaka tupate kibali cha wachimbaji wadogo, kwa sababu kisheria madini ni ya serikali hata yakiwa shambani kwako, na kwenye mbuga ya Tsavo hata kuokota usiokote.