Shauri la Mahindi Ambamo Sikuruhusiwa Kusema

Nilikuwa nimetetea watu mahakamani kwa miaka tisa nilipokabidhiwa shauri langu la kwanza la usuluhishi wa biashara ya nafaka, na mapema kabisa nikafahamu kwamba siku ya kusikilizwa ningekaa kimya. Mkataba wa mteja wangu ulifuata masharti ya Gafta, chama cha wafanyabiashara wa nafaka na vyakula vya mifugo chenye makao yake London, na kanuni zake za usuluhishi, zinazojulikana kwa namba 125, hazimruhusu wakili wa kujitegemea kumsemea mtu katika kikao cha mdomo isipokuwa pande zote mbili zikubaliane. Muuzaji alikataa. Sikumlaumu, kwa kuwa alikuwa na meneja aliyezoea vikao vya namna hiyo, nasi hatukuwa na mtu.

Mteja alikuwa amenunua tani 12,000 za mahindi kwa masharti ya CIF, yaani kwa bei inayojumuisha bidhaa, bima na nauli ya meli. Meli ilipofunguliwa, mahindi ya ngama namba tatu, yaani chumba cha shehena cha meli, yalikutwa yamepata joto, na unyevu wake ulipita asilimia 14 iliyowekwa kwenye mkataba. Alikwisha kupoteza siku kumi na moja akibishana na muuzaji kwa barua pepe, akidhani kwamba malalamiko hayo yanasimamisha muda. Hayasimamishi. Chini ya kanuni hizo, muda wa kudai usuluhishi kuhusu ubora huhesabiwa kwa siku, kwa hiyo nilituma notisi jioni ileile niliyopokea jalada, hata kabla ya kulisoma lote.

Nilipolisoma, moyo uliniingia baridi. Mkataba ulisema kwamba ubora na hali ya mahindi vitakuwa vya mwisho wakati wa kupakia, yaani havitabishaniwa tena baadaye, kwa mujibu wa cheti cha mkaguzi, na cheti kilitaja unyevu wa asilimia 13.6. Sheria ya Uingereza, ambayo ndiyo inayotawala mikataba hii, haina mchezo na maneno hayo. Katika shauri la Toepfer dhidi ya Continental Grain, lililohusu ngano, Mahakama ya Rufani ilishikilia kwamba cheti kilichokubaliwa kuwa cha mwisho huwafunga wote hata kama mkaguzi alikosea. Nilimweleza mteja hivyo kwa simu. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama ninamfanyia kazi yeye au muuzaji.

Mlango mmoja ulikuwa umebaki. Mwaka 2001 mahakama hiyohiyo, katika shauri la Veba Oil dhidi ya Petrotrade, iliamua kwamba cheti hakimfungi mtu ikiwa mkaguzi hakufuata njia ya upimaji iliyokubaliwa. Huko, mkaguzi alikuwa ametumia kipimo sahihi zaidi kuliko kile cha mkataba, na bado cheti kilianguka, kwa sababu pande hizo zilikubaliana kufungwa na kipimo fulani na si kingine. Mkataba wetu ulitaka sampuli zichukuliwe kando ya meli muda wote wa kupakia. Je, ndivyo ilivyofanyika?

Jibu halikutoka kwangu. Lilitoka kwa mama mmoja aliyekuwa akisimamia meli na hati katika kampuni ya mteja. Aliweka mezani karatasi mbili, taarifa ya sampuli na kumbukumbu za shughuli za meli bandarini, akapitisha kidole kwenye safu za saa. “Wakili, angalia hapa.” Sampuli ya mwisho ilichukuliwa saa 16:00 siku ya pili, ilhali upakiaji ulimalizika saa 11:40 siku ya tatu. Katikati yake, saa 02:10 usiku wa manane, palikuwa na mstari mfupi: mvua, kazi imesimama, malori yanasubiri gatini. Saa 03:05 kazi iliendelea, na tani 2,900 za mwisho zikaingia ngama namba tatu kutoka kwenye malori hayo. Mimi nilikuwa nimezisoma kumbukumbu hizo mara tatu, lakini nikitafuta tu kama kuna dai la fidia ya kuchelewesha meli.

Hapo nilijua nani angesema kwenye kikao. Maelezo yangu ya maandishi yalikuwa kurasa 41. Niliyapunguza hadi tisa, na sikufurahia. Wasuluhishi watatu walikuwa watu waliouza na kununua nafaka maisha yao yote, hivyo hawakuhitaji wakili wa kuwaeleza CIF ni nini. Walichohitaji ni kuona kwamba mahindi yalilowa kabla ya kupita ukingo wa meli, kwa sababu katika CIF hasara inayotokea safarini humwangukia mnunuzi. Kwa jioni nne nilimuuliza yule mama maswali kama mpinzani. Aliogopa maswali ya sheria, nikamwambia ayaelekeze kwenye aya ya 14 ya maandishi yetu na arudi kwenye malori.

Kikao kilifanyika kwa video nami nikakaa chumba cha pili. Meneja wa muuzaji alidai kwamba cheti kilikuwa sahihi kwa sehemu kubwa ya shehena. Mama akajibu: “Hatubishani kuhusu tani 9,100 za kwanza.” Hatukuwa tumekubaliana aseme hivyo, kwa kuwa hoja yangu ilikuwa kwamba cheti chote ni batili, na nilijishika kichwa. Lakini tangu hapo maswali ya wasuluhishi yalihusu tani 2,900 peke yake, na yote aliyajibu bila kufungua jalada.

Tuzo, yaani uamuzi wa wasuluhishi, ilitupa tofauti ya thamani ya tani hizo, kwa kipimo cha kifungu cha 53 cha Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Uingereza ya mwaka 1979. Dai la faida ambayo mteja alitarajia kuipata kwa kuuza tena lilikataliwa, na gharama zangu alizibeba mwenyewe, kwa kuwa kanuni haziruhusu kudai gharama za wakili pasipo makubaliano. Hilo nilimwonya siku ya kwanza. Siku 30 za kukata rufaa kwenye Bodi ya Rufaa ya Gafta zilipita bila neno. Nilikuwa nimeanza kuandaa maombi ya kukazia tuzo chini ya Mkataba wa New York wa mwaka 1958, unaowezesha tuzo za usuluhishi kutekelezwa katika nchi nyingine, muuzaji alipolipa. Mteja alinipigia simu asubuhi ile, akiwa na malalamiko: benki ilikuwa imekata ada ya uhamisho.