Choya ya shangazi

Kila ninapojaza fomu huku Ujerumani, miaka yangu ya Nairobi huishia mstari mmoja: shahada ya uzamili ya fizikia, Chuo Kikuu cha Nairobi. Mstari huo haunitoshi.

Utafiti wangu ulianzia Chiromo, kampasi ya sayansi ya chuo hicho, na ulianza kwa choya, maua mekundu ya kutengenezea juisi. Shangazi aliituma kwa basi kutoka Mombasa, mfuko mzima, kisha akapiga simu: "Mwanangu, hiyo juisi mwanywa wangapi?" Nikamwambia, shangazi, hii ni ya kutengeneza stima. Akanyamaza kidogo, halafu akasema ikipungua nimwambie.

Nilikuwa natengeneza seli za sola, vipande vinavyogeuza mwanga kuwa umeme, zinazotumia rangi kama ya choya. Seli za aina hiyo zilitangazwa mwaka 1991 na Brian O'Regan na Michael Grätzel, kule Lausanne, Uswisi. Rangi hunasa mwanga na kurusha elektroni kwenye utando wa dioksidi ya titani, unga mweupe uleule unaotiwa kwenye rangi za kuta. Elektroni hupita kwenye waya, hufanya kazi, kisha hurudi kupitia maji ya iodini. Madini ya titani yalikuwa yakichimbwa Kwale, ng'ambo tu ya kwa shangazi, lakini unga wangu ulikuja na mkebe kutoka nje. Jambo hilo liliniuma, na bado linaniuma.

Kazi yenyewe ni ya mikono. Unabandika selotepu pembeni mwa kioo, unadondosha uji wa titani, unauburuta kwa kijiti mkupuo mmoja, kisha unauchoma kwenye tanuri nyuzi 450 kwa nusu saa. Kioo changu cha kwanza nilikitoa kabla hakijapoa, kikapasuka kwenye koleo. Cha pili nilikingoja hadi jioni, nikakilaza ndani ya choya, na asubuhi weupe wote ulikuwa zambarau. Nikakipeleka dirishani, jua la saa nne, sindano ya mita ikapanda. Umeme wenyewe haukufika hata asilimia moja ya mwanga ulioingia, lakini niliita kila aliyekuwa maabara aje aone.

Sasa nasomea uzamivu, kwenye seli za perovskaiti, aina ya fuwele inayonasa mwanga: zilianza kwa kugeuza asilimia 3.8 ya mwanga kuwa umeme mwaka 2009, leo zimepita 25. Utando unapakwa na mashine.

Desemba nakuja Nairobi. Nimeomba saa moja na wanafunzi wa mwaka wa kwanza pale Chiromo, na vioo sita tayari viko kwenye sanduku, nimevifunga kwa soksi. Choya shangazi ameshaanika.