Kadi ya chanjo ndani ya kaveera

Jana kwenye teksi kutoka Busia abiria wote walikuwa wanalalamika tu, mafuta yamepanda, dunia imeharibika, zamani ilikuwa afadhali, na mimi nimekaa dirishani na kadi ya chanjo ya binti yangu imekunjwa ndani ya kaveera, yaani mfuko wa plastiki, nikamkumbuka nyanya. Alizaa watoto 9 akazika 4, wawili surua iliwachukua ndani ya wiki moja. Zamani ipi hiyo jamani?

Mwaka 1990 duniani walikufa watoto zaidi ya milioni 12 kabla ya kufika miaka 5, mwaka 2022 wakawa kama milioni 4.9, na watu tumeongezeka sana. Hapa Uganda, mwaka 2000 hivi, kati ya watoto 1,000 walikuwa wanakufa kama 150, utafiti wa 2022 ukakuta 52. Mtoto asipougua surua hakuna redio itatangaza, ndo maana hatuoni. Lakini hao 52 wananiuma, bado ni wengi mno.

Binti ana miezi 17. Mwezi ujao ni chanjo ya pili ya surua, nafasi yake kwenye kadi bado iko wazi.