Siku moja kwenye visima vya mpakani, Mbale hadi Lwakhakha

Saa 12 asubuhi, Mbale, mashariki mwa Uganda. Kabla gari halijawashwa, utepe wa kupimia kina unatumbukizwa kwenye kikombe cha maji. Ukilia na taa ikawaka, betri ni nzima.

Saa 2, kisima cha uchunguzi karibu na Lwakhakha. Hakina pampu ya kudumu, kazi yake ni kupimwa tu. Jirani anaulizwa kwanza: pampu ya mkono iliyo hapo karibu imetumika lini? Kama watu wametoka kujaza madumu sasa hivi, maji ya chini hayajatulia, na utaandika ukame usiokuwepo. Utepe hushushwa kutoka alama iliyo mdomoni mwa bomba. Bomba likichomoza sentimita 60 juu ya ardhi, hizo 60 zinatolewa, ili kina kihesabiwe kutoka ardhini. Vipimo viwili vikipishana zaidi ya sentimita 1, pima tena. Aghalabu ni maji yanayochuruzika ukutani mwa bomba yaliyoufanya utepe ulie mapema.

Saa 4, kirekodi. Hiki ni kifaa kinachoning'inia ndani ya maji na kupima chenyewe uzito wa maji pamoja na wa hewa iliyo juu yake. Kilopaskali 1, kizio cha shinikizo, ni sawa na sentimita 10 hivi za maji. Shinikizo la hewa huku hupanda karibu saa 4 asubuhi na kushuka karibu saa 10 jioni, kila siku. Asiyetoa hewa kwenye hesabu ataona maji yakicheza sentimita 3 au 4 na kudhani jirani ng'ambo ya mto amewasha pampu!

Saa 6, sampuli. Bomba lenye upana wa ndani wa milimita 125 hubeba kama lita 12 kwa kila mita. Maji yakiwa na kimo cha mita 30, kuyatoa yote mara tatu, ili sampuli iwe ya maji mapya ya ardhini, ni lita 1,100. Kwa lita 15 kwa dakika, ni zaidi ya saa nzima ya kusukuma. Hayamwagwi, foleni ya madumu ipo. Floridi ndiyo ya kuchungwa kwenye miamba ya volkeno: kikomo cha WHO ni miligramu 1.5 kwa lita.

Saa 9, mtoni. Mto Lwakhakha ni mpaka kwa watu, si kwa maji yaliyo chini. Hapa ndipo kazi ilipo. Kina cha mita 18 huku na 25 upande wa Kenya hakisemi maji yanaelekea wapi, mpaka kila kina kitolewe kwenye kimo cha ardhi penye kisima, na vimo vyote vihesabiwe kutoka msingi mmoja, yaani sifuri moja ya kuanzia. Kila nchi ina msingi wake. Tofauti ya nusu mita yaweza kugeuza mshale wa mtiririko. Azimio 63/124 la Umoja wa Mataifa, 2008, kuhusu maji ya chini ya ardhi yanayovuka mipaka, linahimiza nchi kupeana data na kuoanisha njia za kupima. Ningeanza na hilo la pili.

Saa 11, kuingiza data: tarehe, saa, kipimo kibichi (kama kilivyosomwa), kiasi kilichotolewa, kimo cha maji. Wenzetu wa Kenya hupelekewa vipimo vibichi pamoja na grafu, wakague hesabu wenyewe.