Kwa nini wazee huamka alfajiri mno

Wazee wengi huwa macho saa kumi usiku, adhana ya alfajiri haijasikika bado, na vijana wa nyumbani huona kuwa hayo ni mazoea ya watu wa zamani. Naona tunawaonea, kwa kuwa sehemu kubwa ya jambo hilo haimo katika hiari yao.

Katika sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi kuna saa ya mwili, yaani kikundi cha seli za neva zipatazo 20,000 zinazopanga usingizi, joto la mwili na homoni kwa kufuata mchana na usiku. Hudhaniwa kwamba saa hiyo huenda mbio uzeeni, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 1999 na mtafiti wa usingizi Charles Czeisler na wenzake ulionyesha kuwa mzunguko wake ni wa takriban saa 24 na dakika 11, kwa vijana na kwa wazee. Kinachofifia ni nguvu yake: kwa wengi melatonini, homoni inayouashiria mwili kuwa ni usiku, hupungua, joto la mwili halishuki tena usiku kama zamani, na usingizi huja mapema, hukatikakatika, kisha huisha mapema.

Jicho nalo lina sehemu yake, na hapa ndipo ninapovutiwa zaidi. Lenzi huwa ya manjano kadiri miaka inavyokwenda, ikazuia mwanga wa buluu, ambao ndio hasa unaoirekebisha saa ya mwili kila siku. Mtoto wa jicho huuzuia zaidi. Kwa hiyo mzee huhitaji mwanga mwingi kuliko kijana, ilhali sisi, tunaoishi karibu na ikweta ambako jua huchomoza karibu saa ileile mwaka mzima, humfungia chumbani penye mapazia eti apumzike. Mama yangu sasa hunywa chai yake ya asubuhi barazani, na kulala mchana amekupunguza mwenyewe.

Lipo pia suala la haja ndogo. Homoni inayozuia figo kutengeneza mkojo mwingi usiku hupungua kwa wazee wengi, hivyo huamka mara kwa mara. Vidonge vya usingizi si suluhisho jepesi hapo, kwani huongeza hatari ya kuanguka gizani njiani kwenda msalani; ni afadhali kwanza kumuuliza daktari kama dawa ya presha inayoongeza mkojo, ikiwa humezwa jioni, inaweza kuhamishiwa asubuhi.