Debe moja kwa mtoto: tulivyoanzisha chakula cha mchana shuleni kwetu

Shule yetu ni ndogo, ya awali hadi darasa la saba, wanafunzi 200 na ushei. Iko upande wa Muheza unaoteremka kuelekea Pangani, katikati ya michungwa na minazi. Mtoto wa kitongoji cha mwisho hutembea zaidi ya saa nzima, na hutoka kwao kabla ya jua, mkono mmoja dumu la maji, mkono wa pili fagio la chelewa. Akibahatika, kanywa chai ya rangi na kipande cha muhogo. Anafagia, anasimama paredi, anaingia darasani, na saa sita inamkuta kalaza kichwa kwenye dawati. Wapo waliokuwa wakirudi nyumbani mchana kutafuta chochote cha kutia tumboni, na hawaonekani tena mpaka kesho yake.

Mimi nina watoto wawili pale, na kazi yangu ni kuuza nafaka sokoni Muheza. Wazazi wenzangu waliponichagua kuingia kamati ya shule, niliingia na jambo moja tu: watoto wale mchana. Leo wanakula, na wanakula hata miezi ile migumu ya kungojea mavuno. Naeleza tulivyofanya kwa sababu shule nyingi za vijijini huku kwetu zimewahi kuanzisha uji kwa shangwe, halafu muda si mrefu masufuria yakarudi stoo.

Kilichotukwamisha mwanzoni hakikuwa umaskini. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, wazazi wengi wameshika kwamba kila cha shule ni cha Serikali. Walimu nao wamekuwa waangalifu tangu 2018, Rais Magufuli alipopiga marufuku michango shuleni. Hata mwalimu aliyeona kwa macho yake watoto wanasinzia kwa njaa aliogopa kuwaambia wazazi watoe kitu. Basi mzazi akamngoja mwalimu, mwalimu akaingoja Serikali, na mtoto akashinda na njaa.

Ruzuku ya Serikali ipo na inafika. Ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kati ya hizo 6,000 ndizo zinazoingia akaunti ya shule. Zigawe kwa siku 194 za masomo: hazifiki shilingi 31 kwa mtoto kwa siku, na humo humo zitoke chaki, karatasi za mitihani, ukarabati na mipira. Chakula hakimo, wala hakiwezi kuwamo.

Nikamwomba mwalimu mkuu nakala ya Waraka wa Elimu Na. 3 wa 2016, nikausoma usiku, nikaurudia. Unagawa majukumu ya kila upande katika elimu bila malipo, na upande wa mzazi mwenye mtoto wa kutwa umetaja sare, madaftari, kalamu na chakula. Sikutaka kusimama mbele ya kijiji na maneno ya barazani.

Kwenye mkutano mkuu wa kijiji tulipewa nafasi mwishoni, watu wameshachoka na ajenda ya barabara. Nilipotaja tu kwamba kamati inaomba kila mzazi atoe mahindi, babu mmoja ambaye neno lake kijijini lina uzito akasimama.

"Binti yangu, sisi tumeambiwa elimu bure. Leo wewe unatuletea debe?"

"Shikamoo babu. Ada imefutwa kweli. Lakini chakula cha mtoto kimebaki kwetu, na kimeandikwa hapa."

"Marahaba. Hebu nisomeeni nisikie."

Mjukuu wake akasoma, taratibu, kila mtu anasikiliza. Kabla babu hajajibu, sauti ikatoka nyuma walikokaa kina mama. Ni bibi mmoja anayelea wajukuu peke yake.

"Kwani mtoto akishinda nyumbani hali? Chakula ni kile kile, tunahamisha chungu tu."

Watu wakacheka, na babu mwenyewe akacheka. Kuanzia hapo hakuna aliyeuliza tena kama tutoe au tusitoe. Swali likawa nani atashika. Na nilivyoona mimi, hilo ndilo lilikuwa swali la watu tangu mwanzo, ila walikuwa wanalifunika kwa maneno ya elimu bure. Miaka ya nyuma watu walishawahi kutoa fedha za jengo, na hawakusomewa hesabu mpaka leo. Mtu wa namna hiyo ukimwita mchoyo unamwonea. Ana debe, na yuko tayari kulitoa, anachotaka ni kuliona linaishia kwenye sahani ya mwanawe.

Tukakubaliana palepale kwamba chakula ni cha wazazi. Mwalimu hashiki punje wala senti; kazi yake ni kutuambia leo wamehudhuria wangapi. Kila kitongoji kikatoa mama mmoja na baba mmoja. Mlango wa stoo ukatiwa kufuli mbili, na funguo zikashikwa na watu wawili wa vitongoji tofauti, mmoja hawezi kuingia bila mwenzake. Yakaandikwa kwenye muhtasari, mtendaji wa kijiji akagonga muhuri. Kwa walimu ule muhuri ulikuwa kinga: mtu akija kuuliza nani anachangisha, jibu lipo kwenye karatasi.

Hesabu niliifanya kwa vitendo, maana ukiwaambia watu "gunia 40" wanakimbia. Kikao kilichofuata nilikwenda na mizani yangu ya sokoni, mahindi, kunde na bakuli la plastiki la shule. Nikapima gramu 100 za mahindi na gramu 30 za kunde, nikamimina kwenye bakuli ambalo kila mtu analijua. Nikaweka pembeni bakuli jingine lenye makande niliyoyapika asubuhi kwa kipimo hicho hicho, ili waone nafaka ile kidogo ikiiva inakuwa nyingi kiasi gani. Gramu 100 mara siku 194 ni kilo 19 na kitu, yaani debe moja. Gramu 30 mara siku hizo hizo ni kilo 6. Mtoto mmoja, debe moja la mahindi na kilo 6 za kunde, mwaka mzima. Baba mmoja aliyekuwa amekunja uso tangu tuanze akauliza, "Ni hicho tu?" Ndicho hicho tu.

Kilichobaki ni kuomba kwa wakati wake. Januari mzazi katoka kununua sare na madaftari, ghala linakaribia kukauka, na ndio mwezi ambao shule nyingi huitisha michango. Sisi tuligawa: nusu debe baada ya mavuno ya masika, mwezi wa nane, na nusu debe mwezi wa pili, ya vuli yakishakauka. Asiye na kunde alipe fedha yake msimu wa machungwa, malori yanapokuja na mkononi kuna kitu. Zaidi ya hapo kila kaya inatoa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa ajili ya mpishi, chumvi na mafuta. Kabla ya siku ya kupokea tulipita nyumba kwa nyumba jioni, watu wakiwa wametoka shamba. Kuna mambo mtu hawezi kuyasema mkutanoni. Mlangoni kwake, ukikaribishwa mkeka, anakwambia kwamba mume kaondoka, au shamba liliharibiwa na nguruwe pori, na mnatafuta njia pamoja.

Siku ya kupokea mahindi nadhani ndiyo inayoamua kila kitu, na hapo niliomba nisimamie mwenyewe. Pwani kuna unyevu. Mahindi yasiyokauka vizuri yanaota ukungu stoo, na ukungu unaleta sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Hatuna mashine ya kupimia unyevu, kwa hiyo tunatumia chupa ya kioo. Iwe kavu kabisa. Unatia mahindi mpaka theluthi moja, unaongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, unafunga na kutikisa kwa nguvu, kisha unaiacha ipumzike kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi, yarudi juani. Chumvi ikishuka yote chini, yamekauka, yapimwe. Kila mzazi aliona chupa yake kwa macho yake, kwa hiyo hakuna aliyerudishwa akaona kaonewa. Watoto wa darasa la sita walisimama kuangalia, na mwalimu wao wa sayansi akalifanya kipindi.

Yakishapimwa yanachambuliwa, yaliyooza na yaliyobadilika rangi yanatupwa, hata kuku hawapewi. Halafu yanaingia kwenye mifuko ile isiyopitisha hewa, maana dumuzi wa huku akiingia kwenye gunia la kawaida, baada ya miezi mitatu unakuta unga na vumbi. Mifuko hiyo ni ghali kuliko viroba, lakini ukiitunza panya wasiitoboe unaitumia zaidi ya msimu mmoja.

Ukutani nje ya stoo tulipaka rangi nyeusi, tukapata ubao. Kila siku kinaandikwa kilichotoka: kilo za mahindi, kilo za kunde, watoto waliokula, na kilichobaki. Mzazi anayepita kwenda shamba anasoma. Palitokea wazo la kuandika pale majina ya wasiotoa, nikalikataa kwa nguvu zangu zote, na bado nalikataa. Jina la baba likiwa ukutani, anayedhihakiwa uwanjani ni mtoto. Pia tuliweka sharti ambalo halina mjadala: hakuna mtoto anayenyimwa bakuli, awe mzazi wake katoa au hakutoa. Asiye na mahindi anatoa nguvu. Yule bibi wa mkutanoni huja mara kwa mara kuchambua kunde, na hakuna mwenye jicho kali kama lake. Wengine wanaleta kuni, wanachota maji kiangazi tangi la mvua likikauka, au wanalima shamba la shule. Shamba hilo ndilo linaloziba pengo la wale wasioweza kabisa.

Mpishi tulimwajiri. Zamu za kujitolea zinavutia mkutanoni, lakini wakati wa palizi kila mama yuko shambani kwake, na saa saba watoto wanasimama na mabakuli matupu. Mama tuliyempata anaamka mapema, mahindi yameshakobolewa na kulowekwa tangu jana, kunde anazitia baadaye zisiharibike. Ikipatikana nazi, anakuna na kutia tui, na siku hiyo hata walimu hawaagizi chakula nyumbani. Ijumaa hatupiki makande. Watoto wengi wanawahi msikitini, kwa hiyo tunapika uji wa dona saa nne, wananywa na mchana wanaondoka mapema.

Mabadiliko niliyaona kwanza kwa mwanangu mdogo, ambaye alikuwa akirudi amenuna na kulala bila kuoga. Sasa anarudi na maneno mengi. Mwalimu mkuu ananionyesha daftari la mahudhurio: vipindi vya mchana vina watoto. Msimu wa machungwa, wavulana wa darasa la sita na la saba walikuwa wanakwenda kubeba matenga kwa ujira wa siku, na ilikuwa vigumu kuwalaumu, kwa sababu huko walikuwa wanashiba. Wachache bado wanakwenda. Lakini wengi wanabaki, na mtihani wa Septemba haumngoji mtu. Kuna kingine ambacho sikukitarajia. Kina baba ambao hawakuwahi kukanyaga shuleni tangu walipomaliza wao, sasa wanakuja kusoma ubao, na wakiwa pale wanauliza: mbona darasa la pili hawana madirisha? Madirisha yamewekwa, mbao katoa mtu, fundi katoa mkono wake.

Linalotuumiza kichwa sasa ni kuni. Serikali imeelekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa, na mpishi wetu anakohoa kwa moshi, kwa hiyo hata bila maelekezo ingebidi tutoke huko. Makande yanataka moto wa saa nyingi. Gesi ya kupika chungu kikubwa namna ile kila siku ni fedha taslimu, na kijijini fedha taslimu ina msimu wake. Kukoboa na kuloweka kumepunguza muda wa kupika, lakini hakujamaliza tatizo. Barua tumeshapeleka halmashauri, na hatukai kungoja majibu tu. Kwenye mkutano ujao wa kijiji kamati itapendekeza kila kaya yenye michungwa itoe tenga moja msimu huu, yauzwe kwa pamoja, fedha inunue jiko na mtungi wa kwanza. Mnunuzi wa lori tumeshaongea naye, bei ataitaja mbele ya watu wote.