Neno la Kiswahili Ndani ya Namba: Jinsi Nilivyopata Alama ya Rekodi Zangu

Mjomba wangu ana pikipiki tatu za bodaboda zinazoegeshwa katika kijiwe kimoja cha Majengo, hapa Moshi. Aliponiomba nimtengenezee kifaa cha kurekodi mwendo wa kila pikipiki kwa siku, nilikubali mara moja, kwa kuwa nilikuwa nimejifunza Java, lugha ya kuandikia programu, na nilitamani kazi ambayo mtu angeitumia kweli. Kifaa huhifadhi rekodi mchana kutwa, na jioni nazihamishia kwenye kompyuta kwa waya. Kila rekodi ilihitaji alama ya baiti nne (baiti ni kipande kidogo cha data) mwanzoni, ili programu ijue mahali inapoanzia.

Katika namba za kizio cha 16 tunatumia tarakimu 0 hadi 9, kisha herufi A hadi F, na kila baiti huandikwa kwa tarakimu mbili; kwa hiyo baiti nne zinatoa nafasi nane za kuandika neno. Waandishi wa programu wamefanya hivyo kwa miaka mingi. Kila faili ya Java iliyokwisha kutafsiriwa kwa ajili ya mashine huanza na CAFEBABE, alama iliyochaguliwa na James Gosling, mbunifu wa Java, na DEADBEEF imetumika katika mashine nyingi kujaza sehemu za kumbukumbu ili zitambulike kwa macho. Maneno hayo ni ya Kiingereza. Mimi nilitaka neno ambalo jicho langu lingelisoma bila kufikiri.

Nilikaa na daftari jioni nzima, na hapo ndipo nilipoona jinsi lugha yetu inavyobanwa na herufi hizo. Irabu zilizopo ni A na E. O hupatikana kwa kutumia sifuri, lakini U haina tarakimu yoyote inayofanana nayo, na kwa kukosa K, M na W huwezi kuandika kitenzi chenye ku- wala kumtaja mtu au watu. C peke yake haitufai, kwa sababu Kiswahili huitumia pamoja na H. Zinabaki B, D na F. Wengine huifanya 1 kuwa I, wengine L, na kwa sababu hiyo niliikataa, kwani alama ya kutafutia makosa haipaswi kusomeka kwa namna mbili. Hata hivyo nilipata baba, dada, beba, debe, bado, dodo na, kwa furaha kubwa, bodaboda: B0DAB0DA, tarakimu nane kamili.

Siku ya kwanza ya majaribio programu ilikataa rekodi zote. Nilichapisha namba iliyosomwa nikapata −625943888, ambayo haikuniambia kitu. Nikaichapisha tena kwa kizio cha 16, na mjomba, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akauliza, “Mjomba, mbona hapo pameandikwa dabodabo?” Ilikuwa DAB0DAB0 kweli. Chipu ya kifaa huandika baiti ya thamani ndogo kwanza, ilhali DataInputStream, sehemu ya Java ya kusomea data, husoma ikichukulia kwamba ya thamani kubwa ndiyo iliyotangulia, hivyo neno lilikuwa limegeuzwa. Mtu ambaye hajawahi kuandika mstari mmoja wa programu alikuwa ameiona hitilafu kabla yangu, kwa sababu tu neno lilikuwa lake. Nilitumia Integer.reverseBytes, amri ya Java inayogeuza mpangilio wa baiti, na rekodi zikakubaliwa.

Siku chache baadaye dabodabo ikarudi katika rekodi chache tu, na safari hii kugeuza baiti kulinidanganya: alama ilikuja sawa, lakini umbali uliofuata haukuwa na maana. Baada ya kuhesabu baiti moja moja niligundua kwamba waya ulikuwa unapoteza baiti ya kwanza. Neno linalojirudia lina udhaifu huo, kwani ukiliondolea baiti ya mwanzo, baiti nne zinazofuata zinasomeka sawasawa na zile za neno lililogeuzwa, mradi baiti ya kwanza ya umbali ifanane na iliyokosekana. Na kwa mwendo wa siku ile ilifanana. Niliacha B0DAB0DA kwa masikitiko, nikaweka BEBAB0DA. Ikigeuzwa huwa DAB0BABE; ikipoteza baiti ya kwanza kwenye waya, yaani DA, huishia na BEBAB0. Makosa mawili sasa yana sura mbili tofauti, nami nilibadilisha waya.

DADADADA ilikuwa imenivutia tangu mwanzo, ila haifai kuwa alama, maana husomeka vilevile hata ikigeuzwa. Nimeipa kazi nyingine: kifaa kinapowashwa asubuhi hujaza kumbukumbu yote iliyo wazi kwa DA, na jioni nahesabu ni baiti ngapi ambazo hazijaguswa, nikajua ni nafasi kiasi gani imebaki kabla sijaongeza kipimo cha mafuta ambacho mjomba anakidai.